Kufuli Umeshalifunga: Wasiwasi na Vitendo Visivyokoma kwa Vijana

Hotuba kwa vijana na wazazi, ukumbi wa kijamii, Eastlands, Nairobi

Mwenyekiti wa kikao, wazazi wetu, walimu, viongozi wa dini, na nyinyi vijana ambao kikao hiki ni chenu: asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya kufua, ya soko na ya mpira, na mmeviacha vyote hivyo mkaja kunisikiliza.

Niliombwa nizungumze juu ya wasiwasi wa vijana. Nitazungumza juu ya wasiwasi, lakini zaidi nitazungumza juu ya kile ambacho wasiwasi humfanyisha mtu. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha ni nadra kijana kuingia mlangoni akaniambia ana wasiwasi. Wasiwasi ameuzoea. Kodi ya nyumba, mkopo wa masomo wa HELB, vyeti vilivyokaa kwenye bahasha mwaka mzima bila kazi, nani katika mji huu hana wasiwasi? Anakuja kwa sababu kuna kitu anakifanya, anajua hakina maana, ameapa kukiacha, na kesho yake anakifanya tena.

Acheni niwaonyeshe kwa karibu. Habari hii nimeichanganya kutoka kwa vijana zaidi ya mmoja, ili asije mtu akatambulika hapa ukumbini.

Msichana wa miaka 22 anaishi kwenye bedsita, ghorofa ya nne, huko Umoja. Ni mara yake ya kwanza kuishi peke yake. Ameajiriwa duka la vitambaa mjini. Asubuhi anapika chai, anafunga gesi, anatoka, anatia kufuli, analivuta kufuli mara mbili. Mpaka hapo hakuna neno. Kuvuta kufuli mara mbili Nairobi ni busara. Anashuka ngazi. Akifika getini swali linamjia: gesi uliifunga? Anapanda. Imefungwa. Anashuka. Akifika stejini swali limegeuka: ulipopanda kuangalia gesi, mlango uliufunga? Anarudi. Makanga wa pale wameshamjua, wakimwona anageuka wanacheka. Akaona heri awe anapiga picha: picha ya mtungi ukiwa umefungwa, picha ya kufuli. Kwa siku kadhaa picha zikamwokoa. Halafu siku moja, matatu imefika Donholm, akaanza kujiuliza kama picha ile ni ya leo au ya jana. Akaangalia saa ya picha. Ni ya leo. Je, baada ya kupiga picha hukugusa mtungi tena? Akashuka, akalipa nauli nyingine, akarudi nyumbani. Wakati anakuja kuniona alikuwa akiamka saa kumi alfajiri ili apate muda wa kurudi, na kazini walikuwa wamempa barua ya onyo.

Angalieni vile swali linavyohama. Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila jibu lilizaa swali jingine. Ndiyo sababu nimekuja leo na neno moja ambalo ningependa mlibebe hata mkisahau mengine yote: kile anachokifanya ili kuutuliza wasiwasi ndicho kinachoulisha.

Inakuwaje? Anapopanda ngazi na kukuta gesi imefungwa, anapata nafuu. Nafuu ya kweli kabisa: moyo unatulia, pumzi inarudi, mabega yanalegea. Na ubongo wa binadamu hujifunza kutokana na nafuu. Unachojifunza pale ni kwamba hatari ilikuwepo na kurudi ndiko kulikomwokoa. Haujifunzi kwamba gesi ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, kwa sababu msichana hakuupa nafasi ya kulijua hilo. Mwanasaikolojia wa Marekani, O. Hobart Mowrer, alilieleza jambo hili mwaka 1947: mtu kwanza hujifunza kuogopa kitu, kisha kila anapokikwepa, kule kukwepa kunaifanya hofu iendelee kuishi. Ni sawa na kukopa kwenye simu ili ulipe mkopo mwingine wa simu. Jioni hiyo unapumua. Mwisho wa mwezi deni limekua, na njia pekee unayoijua ya kupumua ni kukopa tena.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana, kwa sababu umenisaidia kuwatetea vijana mbele ya wazazi wao. Mwaka 2003, huko Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa wanafunzi wa chuo jiko la gesi la kwenye kompyuta. Kundi moja liliwasha, likazima, likahakikisha limezima, tena na tena, mara nyingi. Kundi jingine lilifanya zoezi hilohilo kwa taa badala ya jiko. Mwishoni wote, hata wale wa taa, walilihakikisha jiko mara moja, kisha wakaulizwa juu ya mara hiyo ya mwisho. Waliorudiarudia jiko walikumbuka kwa usahihi uleule kama wenzao. Kilichopungua ni imani yao: picha ya tukio akilini ilikuwa na ukungu, na hawakuwa na hakika na kile walichokikumbuka. Na hawa walikuwa watu wazima kiakili, hawana ugonjwa wowote, wamerudiarudia tu kwa muda mfupi.

Mzazi, unapomwambia binti yako "wewe ni msahaulifu, weka akili yako pamoja," unamwonea. Kumbukumbu yake ni nzima. Kurudi kuangalia ndiko kunakomnyang'anya imani nayo. Na ukimshauri aangalie mara mbili zaidi ili awe na uhakika, unamwongezea ukungu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu humu ndani ambao wasiwasi wao hauhusu gesi wala kufuli. Unahusu mawazo ambayo hawajawahi kumwambia mtu yeyote.

Nawauliza, wala msiinue mkono. Umewahi kusimama stejini, matatu inakuja kwa kasi, ukapitiwa na wazo: nikimsukuma huyu aliye mbele yangu? Umewahi kushika kisu jikoni, mdogo wako amekaa kando, wazo likakupiga ghafla: nikimchoma? Umewahi kuwa katikati ya ibada, tusi likapita kichwani dhidi ya Mungu mwenyewe? Mwaka 1978 watafiti wawili huko London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, kama huwa wanapata mawazo ya aina hii. Wengi wao, karibu wanane katika kila kumi, walisema ndiyo. Na yalipowekwa kando ya mawazo ya wagonjwa, hata wataalamu hawakuweza kila mara kutambua lipi ni la mgonjwa na lipi si lake.

Kwa hiyo wazo baya si dalili kwamba wewe ni mbaya. Kwa watu wengi linapita, wanatikisa kichwa, wanapanda matatu. Lakini kuna kijana ambaye wazo lile likimjia anashtuka kiasi kwamba anajiuliza: mtu mzuri anawezaje kuwaza hivi? Labda mimi ni muuaji na sijui. Basi anaanza kuficha visu. Anaacha kumbeba mtoto wa dada yake. Anajichunguza siku nzima kama bado anampenda. Paul Salkovskis, Mwingereza, aliandika mwaka 1985 kwamba kiini cha jambo hili ni uzito wa dhamana: mtu anaona kwamba, kwa kuwa wazo limemjia, sasa ni juu yake kuzuia madhara, na asipofanya lolote ni kama ameyatenda yeye. Wanaoteswa na mawazo haya mara nyingi ni watu wapole, wenye huruma, wanaojali wengine kupita kiasi. Wazo linawatesa kwa sababu linakwenda kinyume na kila wanachokipenda.

Hapo kwenye dhamana nataka nikae kidogo, kwa sababu naona ndipo wasiwasi wa Nairobi unapokutana na ugonjwa huu wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani ulikuta kwamba watu wapatao 2 katika kila 100 hupata ugonjwa huu wakati fulani maishani, ule ambao hospitalini wanauita OCD, na kwamba umri wa kuuanza kwa wastani ni karibu miaka 19. Miaka 19! Hapo ndipo kijana anapewa kitu ambacho hakuwahi kukishika. Kwa mara ya kwanza ufunguo ni wake peke yake, na gesi pia. Ikiwa ni kifungua mimba, karo ya mdogo wake imeanza kuwa yake, na huko nyumbani mama anamwambia kila akipiga simu, "Wewe ndiye tegemeo letu." Mama anasema kwa upendo. Lakini kwa kijana ambaye tayari ameelekea upande wa wasiwasi, sentensi ile inamwambia kwamba kosa lake dogo lolote litaiangusha nyumba nzima. Gesi ikilipuka hataungua yeye tu. Pesa zikitumwa kwa namba isiyo sahihi ni karo iliyopotea. Nimekaa na kijana ambaye, jina la mpokeaji likitokea kwenye M-Pesa, alilisoma kwa sauti, akaghairi, akaanza upya, akalisoma tena, mpaka watu waliokuwa nyuma yake dukani wakamkaripia. Alikuwa anatuma shilingi 500.

Siwaambii wazazi wasiwategemee watoto wao. Najua hali zetu. Nawaambia tu kwamba dhamana ina uzito, na kuna mabega ambayo yatasema ndiyo, mama, nitaweza, huku yakivunjika.

Vitendo vyenyewe si vya kuonekana kila mara, na hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Tunajua habari za mtu anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Lakini kuna anayehesabu kichwani. Kuna anayeusoma ujumbe aliomtumia bosi wake mara thelathini, akitafuta neno lililoweza kueleweka vibaya. Kuna kijana aliyekwenda kupima virusi vya Ukimwi, akaambiwa hana, akapumua siku mbili, akajiuliza kama walichanganya sampuli, akaenda kituo kingine, kisha kingine, akaanza kununua vipimo vya kujipima nyumbani kwenye duka la dawa. Kile kipindi cha kungojea baada ya hatari, kabla majibu hayajaaminika, kwake kilishapita zamani. Majibu yalikuwa wazi. Tatizo lake halikuwa tena virusi.

Na kuna anayelala chali gizani akiwaza. Huyu hagusi kitu, harudi popote, lakini anafanya kazi. Anapitia mazungumzo ya leo neno kwa neno, anapanga atakachosema kesho, anauliza ikiwa hivi itakuwaje, na ikiwa vile itakuwaje. Thomas Borkovec, aliyeuchunguza wasiwasi wa aina hii kwa miaka mingi huko Marekani, aligundua kwamba sehemu yake kubwa ni maneno: mtu anajisemesha ndani kwa ndani. Na wengi, ukiwauliza kwa nini hawaachi, wanakwambia kuwaza kunawasaidia, kunawaandaa, na kwamba wakiacha jambo litawakuta hawajajipanga. Yaani kuwaza kwenyewe kumekuwa kitendo cha kujikinga. Jambo baya halikutokea, basi ubongo unahesabu kwamba ni kwa sababu uliliwaza usiku kucha.

Viongozi wa dini mlioko hapa, hili mnalijua kabla yetu sisi. Huko Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na miongoni mwa maradhi ya nafsi aliyoyataja, kando ya hofu, hasira na huzuni, aliuweka wasiwasi huu wa mawazo yanayong'ang'ania. Mashekhe wetu wa Eastleigh na Pumwani wanawajua vijana wanaorudia udhu mpaka sala inawapita. Na wanayo kanuni ya fikihi ya kuwapa: yakini haiondolewi na shaka. Umetawadha, unajua umetawadha. Shaka iliyokuja baadaye haina nguvu ya kukurudisha kwenye bomba. Upande wa kanisa, Ignatius wa Loyola, aliyekuja kuanzisha Shirika la Yesu, alipokuwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, aliteseka kwa kurudia kuungama dhambi alizokwisha kuungama, na kila alipomaliza alihisi hajaungama vizuri. Padre wake alimwagiza asiziungame tena za zamani isipokuwa jambo lililo wazi kabisa.

Mashauri hayo mawili yanafanana na tiba ya leo kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana naumia ninapomwona kijana wa namna hii akipelekwa mkesha baada ya mkesha kukemewa pepo. Ombeni naye, ndiyo. Lakini ukimwambia kwamba wazo lile ni shetani ndani yake, umemthibitishia kile alichokuwa anakiogopa, na sasa atakuwa na kitendo kipya cha kurudia: kujikemea.

Kuna swali ambalo najua litakuja, kwa hiyo nilijibu: kamari je? Vijana wetu wanaoshinda kwenye simu wakiitazama ile ndege ya mchezo wa kubeti inayopaa na kuanguka, nao ni hivyo? Ni jambo la karibu lakini si lilelile. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeiweka kamari pamoja na uraibu, na OCD ikapewa kundi lake. Anayebeti huanza kwa kutafuta raha na pesa. Anayerudi kuangalia gesi hajawahi kupata raha yoyote, hata siku ya kwanza. Lakini muulize anayebeti baada ya mwaka. Atakwambia raha iliisha kitambo. Sasa anabeti kwa sababu amepoteza kodi ya nyumba, na wasiwasi wa kodi unatulia kwa zile sekunde ambazo dau liko hewani. Hapo wote wawili wamekutana: kitendo kinanunua dakika chache za utulivu, na bei inapanda.

Basi kinachofanya kazi ni nini?

Mpaka miaka ya 1960 madaktari wengi waliamini hali hii haina tiba, na kwamba kumzuia mtu asifanye kitendo chake kunaweza kumharibu zaidi. Mwaka 1966 Victor Meyer, katika hospitali ya Middlesex, London, alichapisha habari za wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu aliyeteswa na hofu ya uchafu. Wauguzi walikaa naye, wakamgusisha vitu alivyovihofia, na wakamzuia asinawe. Aliteseka, lakini hakuharibika. Alipata nafuu kubwa. Tiba iliyokuja kukua kutokana na kazi hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo, ingawa leo hatumzuii mtu kwa nguvu. Tunakubaliana naye, anapanda ngazi kwa ngazi, na yeye ndiye anayeamua kupanda.

Kwa yule msichana wa Umoja ilikuwa hivi. Aliandika vitu vyote anavyoviogopa, akavipanga kutoka kidogo hadi kikubwa. Cha chini kabisa kilikuwa kufuta picha za jana kwenye simu. Tulianzia hapo. Wiki zilizofuata akaacha kupiga picha ya kufuli, kisha ya mtungi. Kisha ikaja siku ya kufunga mara moja, kushuka, na kutorudi. Alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa: getini kifua kilikaza, stejini mikono ilikuwa inatoka jasho, kwenye Jogoo Road alikuwa na hakika kabisa kwamba nyumba inaungua. Hakumpigia simu keateka, mtunzaji wa jengo, amwangalizie. Hilo tulikubaliana mapema, kwa sababu kumpigia keateka ni kurudi kwa miguu ya mtu mwingine. Matatu ilipofika Muthurwa akashangaa kwamba anasikiliza redio. Swali lilikuwa bado lipo. Halikuwa limejibiwa. Lakini wasiwasi ulikuwa umeshuka wenyewe, bila yeye kufanya lolote.

Hilo ndilo ubongo wake ulikuwa haujawahi kuliona. Lilihitaji kurudiwa, siku baada ya siku, na kuna siku alishindwa akarudi, na siku hizo hatukuzigeuza kuwa kesi. Lengo letu halikuwa awe na uhakika kwamba gesi imefungwa. Uhakika wa aina ile hakuna anayeupata, hata mimi sina. Lengo lilikuwa aweze kwenda kazini akiwa na swali mfukoni.

Kwa wale wa kuwaza usiku, Borkovec na wenzake waliandika mwaka 1983 juu ya njia ambayo nimeona ikiwasaidia vijana. Tenga nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, na pasiwe kitandani. Wazo likija asubuhi, liandike neno moja, uliahirishe mpaka saa yake. Saa ikifika kaa nalo uliwaze kwa dhati. Wengi wanashangaa kuona kwamba mengi waliyoyaandika asubuhi hayana tena makali jioni. Lakini msijaribu kulifukuza wazo kwa nguvu siku nzima. Mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe walimfikiria, na baadaye walipoachiwa huru walimfikiria zaidi.

Dawa zipo pia, na hazina aibu. Fluoxetine na sertraline, ambazo hutumiwa kwa sonona, hutumiwa hapa vilevile, mara nyingi kwa kipimo kikubwa zaidi, na huenda zikachukua hadi wiki 12 kabla mtu hajaona tofauti ya kutosha. Nasema wiki 12 kwa sababu vijana wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifanyi kazi. Usizianze bila daktari, na usiziache ghafla bila kumwambia.

Sasa wazazi, na ndugu, na wapenzi wa vijana hawa. Nyinyi mna sehemu kubwa kuliko mnavyofikiri, na wengi wenu mmechoka. Anakuuliza, "Mama, una hakika sijamkosea mtu?" Unamwambia hujamkosea, mwanangu. Baada ya dakika kumi anauliza tena. Unamjibu kwa sababu unampenda, na mara ya sita unamfokea kwa sababu wewe ni binadamu. Majibu yote hayo, la upole na la ukali, yanafanya kazi ileile ambayo ngazi za ghorofa ya nne zilikuwa zinamfanyia yule msichana. Kaeni naye siku ambayo ametulia, mkubaliane. Mwambieni: "Tunajua maswali haya yanakutesa. Kuanzia sasa tutakujibu mara moja." Akirudia, unamwambia: "Naona wasiwasi umekushika. Swali hilo nimeshalijibu, sitalijibu tena, lakini siondoki, njoo tuchambue mboga." Usimwache peke yake na usimpe jibu. Ni kazi ngumu. Nimewaona akina baba wakitokwa na machozi kwa ugumu wake.

Kuhusu mahali pa kwenda. Jopo la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya nchi yetu itangazwe kuwa janga la kitaifa. Madaktari wa akili bado ni wachache, na wengi wao wako hapa mjini, kwa hiyo sisi wa Nairobi tuna nafasi ambayo ndugu zetu wa Turkana hawana. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Mtu anaingia asubuhi na kurudi kwake siku hiyohiyo. Najua jina hilo tumelifanya tusi mtaani. Naomba tuliache, kwa sababu kuna kijana anayelisikia tusi hilo huku akijua anahitaji kwenda huko. Hospitali ya Kenyatta nayo ina idara ya afya ya akili. Walio chuoni, ofisi ya ushauri nasaha ni haki yenu. Na kama kuna aliyefika mahali pa kutamani kufa, huyo asingoje miadi. Aende leo hii kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na asiende peke yake.

Jambo la mwisho ni kwa vijana. Ukifika mbele ya daktari au mshauri, usiseme tu "nina stresi." Ukisema hivyo atakupa ushauri wa stresi: lala mapema, fanya mazoezi, na utarudi nyumbani na mambo yako yote tumboni. Mwambie unachokifanya. Sema: "Kuna wazo linanijia bila mimi kutaka. Likija, nalazimika kufanya hivi. Nafanya mara kadhaa. Inanichukua muda huu kwa siku." Ikiwa inapita saa moja kwa siku, au inakuchelewesha kazini, darasani, kwenye sala, mwambie hivyohivyo. Kama wazo lenyewe ni la aibu, la kisu, la ngono, la kukufuru, anza kwa kusema, "Nina wazo naona aibu kulitaja." Mtu anayeijua kazi hii ameshayasikia yote. Ukishindwa kulitamka, liandike kwenye simu umpe asome. Na kama wa kwanza hakukuelewa, nenda kwa wa pili.

Washauri wenzangu wameketi kwenye zile meza za nyuma, karibu na mlango wa pembeni. Mnaweza kwenda mmoja mmoja, hatuandikishi majina. Nafungua nafasi ya maswali; tuanze na vijana, wazazi watafuata.